Waliouza Gari la Mwalimu Shaleshni

Shaleshni aliposhuka kwenye basi la kutoka bandari ya Savusavu, miguu imevimba na nguo bado zinanuka moshi wa meli, alianza kulitafuta kwa macho gari lake dogo la kijani. Aliizunguka stendi ya Labasa mara mbili, akapita kwenye foleni ya teksi, akafika mpaka kwa akina mama wanaouza karanga na mihogo ya kuchemsha. Gari halikuwepo. Aliyekuwepo ni mumewe, Rajneel, ameegemea pikapu nyekundu ya milango minne, anatabasamu kama mtu anayepigwa picha ya harusi.

"Pikapu ya nani hii?" Shaleshni aliuliza.

"Panda kwanza."

"Nimekuuliza ya nani."

"Yetu, mama Anjini. Yetu!" Rajneel alimpokonya begi akalitupia nyuma, kule ambako kungeweza kukaa ng'ombe na ndama wake. "Angalia viti. Angalia kioo. Ukikaa humu unawaona watu wote chini."

"Yetu tangu lini?"

"Tangu Alhamisi."

Alhamisi Shaleshni alikuwa Suva, mji mkuu wa Fiji ng'ambo ya bahari, kwenye semina ya walimu, amekaa ukumbini anasikiliza habari za mtaala mpya. Mchana wa siku hiyohiyo Rajneel alimpigia simu, akamwuliza amekula nini, akamwambia mtoto hajambo, akamwambia mvua haijanyesha. La pikapu hakulisema.

"Na gari langu liko wapi?"

Rajneel aliwasha injini. Ilinguruma mpaka muuza karanga mmoja akageuka.

"Si usubiri tufike nyumbani? Mama amepika."

"Rajneel. Gari langu liko wapi?"

"Tumelitoa." Alisema huku anatazama kioo cha pembeni. "Jiten wa yadi amelichukua, sisi tumechukua hii, kinachobaki tunalipa pole pole. Ndivyo watu wanavyofanya siku hizi. Halafu Shale, si mwenyewe ulisema lile limechoka?"

Hilo ndilo lililomkata maini. Kweli alisema. Alilisema mwezi wa tatu, siku injini ilipochemka njiani akalazimika kumwagia rejeta maji ya kunywa ya wanafunzi. Lakini kusema gari limechoka si kusema liuzwe, kama vile mtu akisema mume wake amechoka hasemi aje achukuliwe.

Gari lile alilinunua miaka minane nyuma, kabla hajaolewa, alipopangiwa shule ya bondeni ambako basi lilifika mara mbili kwa siku na siku nyingine halikufika kabisa. Lilitoka Japani likiwa limeshatumika, injini yake ndogo kama ya cherehani, na kila ulipoliwasha sauti ya mwanamke ilisema maneno ya Kijapani ambayo hakuna mtu Labasa nzima aliyejua maana yake. Baba yake Shaleshni, aliyekata miwa ya watu maisha yake yote, siku ya kwanza kulipanda alivaa suti ya kanisani aliyoazima kwa jirani ingawa yeye ni Mhindu, akavua viatu akavipakata ili asichafue zulia. Kwenye gari hilo ndipo Shaleshni alipojifunza kurudi nyuma bila kugonga nguzo. Ndilo alilopanda kwenda kuolewa, kwa sababu gari la bwana harusi liliharibika.

Na si kwamba hakuwa amefikiria kulibadilisha. Alilifikiria sana. Alijua kilima cha kabla ya shule lilikipanda kwa kuzimiwa kiyoyozi na kuombewa dua. Alijua chini linagusa mawe. Lakini alikuwa na utaratibu wake. Barua za uhamisho zingetoka mwezi wa kumi na mbili. Akihamishiwa mjini, gari dogo lingemtosha miaka mingine mitano na fedha zake zingekaa salama. Akiachwa bondeni, angetafuta gari lililoinuka kidogo, si jitu kubwa, gari la kutosha walimu wanne na mtoto mmoja. Haya yote aliyapanga kichwani asubuhi baada ya asubuhi akiwa barabarani, na Rajneel alikuwa ameambiwa, na Rajneel alikuwa ameitikia "ndiyo, ndiyo" huku anatazama raga.

Walipoingia uani, mama mkwe wake, Ramrati, alikuwa anangoja na sinia la maua ya njano na unga mwekundu. Boneti ilikuwa imeshapakwa alama ya baraka tangu Alhamisi, na vipande vya nazi iliyopasuliwa mbele ya tairi bado vilikuwa vinaliwa na kuku.

"Karibu, mwanangu," Ramrati alisema. "Leo umerudi kama mke wa mtu."

"Kabla ya leo nilikuwa mke wa nini, Mama?"

"Usianze, umechoka. Kaa ule."

Barazani, kwenye kiti cha Rajneel, alikaa Bisun, kaka mkubwa wa Rajneel, mwenye shamba la miwa la upande wa pili wa mfereji. Bisun alikuwa mtu wa sauti kubwa na tumbo la kutangulia. Gari lake mwenyewe lilikufa injini mwezi wa tano, na msimu wa kukata miwa ulikuwa umeanza wiki ile ya mwezi wa sita. Shaleshni alimsalimia kwa adabu, kichwa kikiwa kimeinama kidogo, kama mke wa mdogo mtu anavyomsalimia kaka wa mume.

"Umeionaje, shemeji?" Bisun aliuliza. "Sasa tumetoka kwenye kile kikopo. Maana nilikuwa naona haya. Mkutano wa wakulima, watu wanashuka kwenye magari, mdogo wangu anashuka kwenye kibiriti!"

Ramrati akacheka. Rajneel akacheka pia, kidogo, akatazama chini.

Kando ya mlango Shaleshni aliona gunia la unga limesimama. Mdomo wake ulikuwa wazi, na kwenye mdomo kuna pembe ya daftari. Alikwenda akainama. Ndani ya gunia kulikuwa na mitihani ya darasa la tano, karatasi hamsini na nane ambazo alikuwa bado hajazisahihisha, zimekunjamana na kuchanganyika na unga. Kulikuwa na mwavuli wake, ndala za Anjini, kalamu zake nyekundu, kitana, pakiti ya biskuti iliyoliwa nusu. Vitu vyote vya gari lake vimesombwa kama vitu vya mtu aliyefariki hospitalini.

"Nani aliyetia mitihani ya watoto humu?"

"Kulikuwa na haraka," Rajneel alisema.

"Haraka ya nini?"

Bisun ndiye aliyejibu. Alichomoa bahasha mfukoni, akaifungua, akaweka karatasi mezani kati ya bakuli la kuku na mikate ya roti. "Haraka ya hii. Weka sahihi hapa chini tu, Jumatatu ipelekwe. Watu wa mkopo wanataka mtu mwenye mshahara wa serikali. Sisi wakulima hawatuamini, unajua mwenyewe walivyo."

Watu wengi wangetia sahihi. Chakula kinapoa, mama mkwe amesimama na sinia, shemeji mkubwa amenyoosha kalamu. Lakini Shaleshni alikuwa mwalimu, na mwalimu akipewa karatasi anaisoma. Alivuta kiti akakaa, akasoma kuanzia juu. Makato ya mshahara: Shaleshni. Muda: miaka minne. Akageuza ukurasa. Aina ya gari, rangi, namba ya injini. Mmiliki: Bisundeo.

Alisoma mstari ule mara ya pili, akidhani macho yamechoka na safari.

"Mmiliki ni wewe, kaka?"

"Aa, hayo ni mambo ya bima tu. Mkulima analipa nafuu."

"Kwa hiyo ninayelipa ni mimi, na gari ni lako."

"La familia!" Bisun alipiga meza, bakuli likaruka. "Hapa nyumbani kuna changu na chako tangu lini? Rajneel, huyu umemfundisha nini?"

"Mama Anjini," Rajneel alisema kwa sauti ya chini, "ukiwa shule kaka ataitumia shambani, jioni tunayo sisi. Wikiendi tunakwenda nayo popote."

"Na mimi shuleni nitakwenda na nini?"

Ilionekana wazi kwamba swali lile, katika mazungumzo yao yote ya wiki nzima, hakuna aliyekuwa ameliuliza.

"Basi lipo," Ramrati alisema hatimaye. "Sisi zamani tulikuwa tunatembea."

Kilichomjia Shaleshni mdomoni kilikuwa kikubwa kuliko baraza lile, akakimeza, kwa sababu swali moja lilikuwa halijapata jibu.

"Gari langu lina kadi yenye jina langu," alisema. "Kulihamisha kunatakiwa sahihi yangu. Nilikuwa Suva. Nani amesaini?"

Kuku mmoja alipita chini ya meza. Rajneel alianza kukuna shingo.

"Rajneel?"

"Nilijua ungekubali," alisema. "Nilitaka ukija ukute tayari. Ufurahi."

"Umeandika jina langu."

"Ni jina tu, Shale."

Shaleshni akasimama. Akachukua mkoba wake na gunia la mitihani, akatoka uani. Ilikuwa saa nne na nusu asubuhi. Yadi ya Jiten Jumamosi ilifungwa saa saba, na ofisi ya usajili wa magari isingefunguliwa mpaka Jumatatu. Hilo lilimpa siku mbili, lakini alitaka saa mbili tu.

"Unakwenda wapi na chakula hujala?" Ramrati alipiga kelele. "Mbele ya majirani!"

"Majirani waliona likiondoka, Mama. Waache waone likirudi."

Rajneel alimfuata na funguo za pikapu mkononi. "Ngoja basi nikupeleke."

"Kwenye gari la kaka yako? Sipandi."

Alisimamisha teksi barabarani. Dereva, mzee wa Kifiji aliyekuwa na ua nyuma ya sikio, alitazama lile gunia likimwaga unga kwenye kiti chake, akatazama uso wa abiria, akaona heri akanyage mafuta.

*

Gari lilikuwa mstari wa mbele, limeoshwa linang'aa. Juu ya kioo cha mbele walikuwa wameandika kwa rangi nyeupe: LA KUANZIA – LILIKUWA LA MWANAMKE. Kibandiko cha shule kilikuwa kimekwanguliwa, kimeacha alama ya gundi. Shaleshni alipoliona hivyo, limepambwa na kupigiwa debe, ndipo machozi yalipomjia, na akayakasirikia machozi yenyewe, maana hakuja kulia.

Jiten alitoka ofisini kwake huku anafuta mikono. Alikuwa mwembamba, mchangamfu, mwenye pete tatu.

"Karibu, dada. Unatafuta kitu kidogo? Hicho kizuri sana. Mafuta hakili. Mume wako yuko wapi, tuongee naye?"

"Hilo gari ni langu."

"Utalipenda, kweli."

"Hujanisikia. Ni langu. Mimi ndiye Shaleshni."

Mchangamfu yule alinyauka kidogo, kisha akajikusanya. "Aa! Mwalimu! Mbona hongera sana, pikapu mmepata nzuri. Kuna tatizo?"

"Nimekuja kulichukua gari langu."

"Sasa mwalimu..." Alishusha sauti kama mtu anayeongea na mgonjwa. "Biashara imeshakwisha. Karatasi zipo. Sahihi zipo."

"Sahihi ya nani?"

"Yako."

"Niliiweka mbele yako?"

"Aliileta mumeo. Alisema umetia ukiwa nyumbani."

"Siku gani?"

"Alhamisi."

"Alhamisi nilikuwa Suva, na walimu sitini wameniona. Nionyeshe hiyo sahihi."

Jiten alisitasita, lakini wateja wawili walikuwa wameshaacha kukagua tairi wakawa wanakagua mazungumzo. Akaileta karatasi. Shaleshni aliitazama kama anavyotazama kazi ya nyumbani iliyoandikwa na mzazi. Ile S kubwa yenye mkia wa kujikunja ilikuwa ya Rajneel, ileile aliyoandikia barua za uchumba. Na jina lenyewe lilikosewa. Miaka saba ya ndoa, na mume ameruka herufi H ya pili.

"Ona hapa," alisema. "Mtoto wangu ana miaka mitano, jina langu haliandiki hivi."

"Mwalimu, haya ni mambo yenu ya ndani. Mimi nimefanya biashara na mwanamume mwenye nyumba."

"Ulinunua nyumba au gari?"

Mteja mmoja akakohoa kuficha kicheko. Jiten akaingia ofisini kupiga simu. Shaleshni hakumngoja. Alifungua mkoba, akatoa ufunguo wa akiba ambao alikuwa anatembea nao tangu siku ya kwanza, na ambao hakuna mtu aliyekumbuka kuuomba. Akafungua mlango, akaweka gunia kiti cha nyuma, akakaa, akafunga mkanda. Hakuwasha. Alikaa tu na mikono kwenye usukani.

Robo saa baadaye pikapu nyekundu ikaingia kwa vumbi. Bisun alishuka kwanza.

"Toka humo!" alisema. "Unatuvua nguo mbele ya watu! Mwanamke gani anakwenda yadi peke yake kugombana?"

Shaleshni aliteremsha kioo, kwa kuzungusha mkono, maana gari lile halikuwa na vioo vya umeme. "Kaka, nakuheshimu. Umri wako nauheshimu. Lakini usinipigie kelele kwenye gari langu."

"Gari lako! Gari lako! Mshahara umekupa kiburi!"

"Kama mshahara ni kiburi, mbona mliutaka?"

Bisun akageuka kwa mdogo wake. "Rajneel! Ongea na mkeo!"

Rajneel alikuwa amesimama kando ya mlango wa pikapu. Shaleshni alimtazama kupitia kioo kilichoandikwa rangi. Hakuwa mtu mbaya, na hilo lilimkera zaidi. Angekuwa mlevi au mpigaji angejua la kufanya. Huyu alikuwa mtu mpole aliyemwosha mtoto na kumsugulia mama yake miguu, na ambaye kaka yake akisema twende, alikwenda, hata kama njia inapita juu ya mgongo wa mkewe.

"Sikiliza, baba Anjini," alisema. "Nasema mara moja. Kuna njia mbili. Ya kwanza, Jumatatu nakwenda usajili na karatasi hii, nawauliza nani kaandika jina langu, na wao wakamwulize Jiten, na Jiten akuulize wewe, na labda polisi watataka kuuliza pia. Ya pili, pikapu ile inabaki hapa sasa hivi, karatasi zote mbili, hii na ile ya mkopo, zinachanwa mbele yangu, na mimi naondoka na changu."

"Hathubutu," Bisun alisema.

"Atathubutu," Rajneel alisema.

Jiten, aliyesikia neno polisi, alikuwa ameshatoka na bahasha, na uchangamfu wote umemwisha. "Mimi sitaki matatizo, jamani. Gari lake achukue. Pikapu nitapata mteja mwingine, msimu ndio huu."

Rajneel alitazama funguo mkononi. Zilikuwa na kishikio cha ngozi chenye nembo. Akazifinya, kisha akaziweka juu ya boneti nyekundu, juu ya alama ya baraka ya mama yake.

"Rajneel, umekuwa nani wewe?" Bisun aliuliza kwa mshangao wa kweli.

"Sijui, kaka. Lakini jina lake nilikosea hata kuliandika."

Bisun akaitoa bahasha yake, karatasi zikachanwa. Shaleshni alivihesabu vipande mpaka akaridhika. Akawasha gari, yule mwanamke wa Kijapani akasema maneno yake, na Rajneel akasogea taratibu kwenda mlango wa abiria. Mlango ulikuwa umefungwa. Aligonga kioo.

"Nyinyi mlisema basi lipo," Shaleshni alimwambia, akaondoka.

*

Mama mkwe hakuongea naye kwa wiki tatu. Chumvi ikihitajika, Anjini alitumwa: "Mwambie mama yako alete chumvi," na mama mwenyewe amekaa hatua mbili tu. Bisun alipita barabarani kwenye trekta ya kukodi bila kugeuza shingo. Rajneel alisamehewa kwa vipande: siku moja aliwekewa chai, siku nyingine aliulizwa habari za kazi yake ya kiwandani, lakini usiku mmoja alipotaka kueleza tena kwamba alidhani atamfurahisha, Shaleshni aliweka kalamu yake nyekundu chini.

"Hukudhani nitafurahi. Mtu anayetaka kumfurahisha mwenzake hamfichi kwenye simu. Ulidhani nitanyamaza. Hayo ni mambo mawili tofauti, na mpaka uyatenganishe usiniombe radhi."

Rajneel alikaa nalo siku nyingi. Kisha siku moja wakipepeta dengu alisema, bila kuombwa, "Nilidhani utanyamaza. Nisamehe." Hapo ndipo aliposamehewa.

Ramrati naye jino lilimlainisha. Lilimuuma hata akashindwa kunywa maji, na aliyekuwepo nyumbani alikuwa Shaleshni tu. Alibanwa kwenye kiti cha mbele, magoti yamefika kidevuni, shavu limefungwa kitambaa, na njia nzima mpaka kwa daktari alilalamikia udogo wa gari. Kwa kuwa hayo yalikuwa maneno ya kwanza baada ya wiki zote tatu, Shaleshni aliyasikiliza yote.

Mwezi wa kumi na mbili barua ikaja: anabaki bondeni. Mwaka mpya Anjini akaanza darasa la kwanza kwenye shule ya mama yake, kwa hiyo kila asubuhi gari lilibeba walimu wanne, mtoto, mikoba, na vyakula vya watu watano. Mwezi wa pili mvua zikashuka. Jumatano moja, katikati ya kilima, gari likatetemeka, likasimama, likaanza kurudi nyuma. Shaleshni alivuta breki ya mkono mpaka ikapiga kelele. Tairi zilizunguka kwenye tope bila kushika kitu, na upande wa kushoto kulikuwa na korongo.

"Shukeni," alisema. "Anjini ashuke kwanza. Polepole."

Walisukuma. Losalini, mwalimu wa darasa la kwanza, mwanamke wa Kifiji mwenye mabega ya mcheza raga na kicheko cha kusikika ng'ambo ya mto, alivua viatu akaweka bega. Lilipofika juu wote walikuwa wamelowa, sketi zimejaa tope, na Anjini anatetemeka chini ya mwavuli.

"Shale," Losalini alisema huku anahema, "hili gari linatupenda. Lakini halituwezi."

Shaleshni aligeuka kulitazama lile korongo. Alihisi hasira tena, na safari hii hakuwa na mtu wa kumgawia. Ilimuudhi kwamba Bisun, kwa sababu zake mbaya, alisema kitu chenye ukweli ndani yake. Kwa miezi kadhaa alikuwa anaendesha si kwa sababu gari linafaa, bali kwa sababu walijaribu kumpokonya. Alikuwa ameliacha lile tukio la yadi limshikie usukani, na mwanawe amekaa nyuma.

Jioni ile alisema mezani, "Nabadilisha gari. Jumamosi nakwenda kutafuta."

Hakuna aliyeombwa ruhusa, na wote walilielewa hilo. Rajneel alimega roti. "Naweza kuja?"

"Njoo. Utakaa nyuma na Anjini."

Alikwenda yadi nyingine, upande wa daraja, na orodha kichwani: liinuke kutoka chini, viti vitano vya kweli, spea zipatikane Labasa, bei isizidi uwezo wake. Aliyakataa mawili. La tatu lilikuwa la rangi ya fedha, refu nyuma, halina urembo wowote. Muuzaji alichukua ufunguo akamkabidhi Rajneel. "Bwana, lijaribu mwenyewe."

Shaleshni alifungua mdomo, lakini Rajneel alishaupokea ule ufunguo na kumnyooshea yeye.

"Mnunuzi huyu," alimwambia muuzaji. "Mimi nimekuja na mtoto."

Shaleshni hakulizungusha mjini. Alilipeleka mpaka kilimani kwenyewe, muuzaji amekaa kando anauliza kila baada ya kona kama bado ni mbali. Akasimama katikati ya mteremko, mahali palepale, akavuta breki, akaiachia, akaondoka. Akarudia mara tatu. Mara ya nne aliwasha kiyoyozi. Ndipo aliposema, "Tukaandike." Na alipoandika, kwenye mstari wa mmiliki na kwenye mstari wa mlipaji aliweka jina moja, herufi zote mahali pake.

Lile dogo alimuuzia muuguzi mmoja kijana aliyekuwa amepanga chumba mjini na aliyetaka kitu cha kumfikisha hospitalini na kumrudisha. Bei walipatana wawili, wamesimama uani, na Shaleshni alimweleza kasoro zote, hata mlango wa nyuma usiofunguka kwa ndani.

Wiki iliyofuata Bisun alikuja. Hakuwa amekanyaga pale tangu mwezi wa sita. Alilizunguka gari la fedha, akapiga teke tairi, akachungulia nyuma.

"Hili linachukua mbolea gunia kumi," alisema. "Rajneel, nipe funguo, nitarudisha jioni."

Rajneel alikuwa anaosha vyombo. Hakugeuka. "Si zangu, kaka."

Bisun alimtazama mama yake. Ramrati alikuwa anachagua mchele. Akatoa jiwe, akalirusha uani, akaendelea kuchagua. Basi ikabidi Bisun ageuke mlangoni, aliposimama Shaleshni na taulo begani.

"Shemeji," alisema, na lile neno lilimtoka kwa shida kama mtu anayeng'oa msumari.

"Naam, kaka."

"Nina mbolea mjini."

"Jumamosi asubuhi nakwenda sokoni. Nitakupitia. Gunia tatu, zisizidi, chini tuweke turubai. Naendesha mimi."

Bisun alipiga tena teke tairi, polepole.

"Saa ngapi?" aliuliza.

"Saa mbili kamili. Ukichelewa sitapiga honi."